Usharika wa Mtu Mmoja

Samsoni Sheshe alikuwa jirani yangu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo sikumwona akiwahi jambo lolote. Alikuwa fundi wa kusuka matenga ya mianzi, yale ya kubebea kabichi na matunda damu, na hakuna aliyesuka tenga imara kama yeye. Lakini siku ya Uhuru, kijiji kizima kilipochinja ng'ombe, yeye alikuwa Magoma anauza matenga. Aliporudi alikuta mifupa, akapewa bendera ya karatasi. Usharika wetu wa kanisa ulipopigwa picha, alisimama mwisho wa mstari, na picha ilipoletwa kilichoonekana ni kiwiko chake tu. Mkewe Klara alipougua, alikimbia kutafuta gari, na gari lilipofika Klara alikuwa amekwisha kufa. Hata tulipokusanywa kuwa kijiji cha ujamaa na viwanja kupimwa, kamba ilimpita, na kwa mwaka mzima alihesabiwa kwa balozi wa ng'ambo ya kijito, pamoja na watu asiowajua majina.

Hakulalamika. Alikuwa mtu mrefu, mnyamavu, mwenye tabia ya kupiga hodi halafu kusimama mbali na mlango kana kwamba atafukuzwa.

Mwaka huo wa sabini na nne mvua haikunyesha. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti. Tulikula ugali wa yanga, ule unga wa njano ulioletwa na serikali, na hata huo ulifika kwa zamu. Baba Selina alikuwa mkongeni kule Magoma, akituma alichopata, na mimi nilikuwa na hofu moja juu ya nyingine. Iliyokuwa juu kabisa ni ya binti yangu Selina. Alikuwa amechumbiwa na Ernest, mwalimu kijana, mtu wa adabu, na Ernest alikuwa amepangiwa shule Sumbawanga. Alitakiwa kuondoka Jumatatu ya kwanza ya Desemba, barua ilikuwa na muhuri. Wakifunga ndoa kabla ya hapo, wanakwenda pamoja. Wasipofunga, anakwenda peke yake. Mimi nina macho. Najua mwalimu asiye na mke akifika mahali pageni anatokewa na nini.

Basi kiu ilipozidi, wazee wakasema ni lazima tufanye tambiko kwenye kisima cha juu, penye kile kimsitu ambacho hakuna anayekata kuni. Kondoo mweusi mmoja, asiye na doa. Desturi ni kwamba kila mtu wa kijiji ale, hata kipande, na kila kitu kiliwe pale pale. Kisiingie nyumbani kwa mtu hata mchuzi.

Wakristo tulitazamana. Mzee Hezekia, mzee wa kanisa, ndiye aliyetuondoa shaka. Alisema, "Mimi siendi kuabudu. Mimi nakwenda kula nyama."

Na Katibu wa kijiji, Ndugu Hamisi, kijana aliyeletwa kutoka Tanga na asiyejua kitu kisichoandikwa, alisema kazi yoyote ya kijiji ni kazi ya kijiji. Asiyehudhuria atalima nusu eka ya ziada katika shamba la ujamaa. Basi tukaenda wote. Mbaraka, jirani yetu Mwislamu mwenye mkono mzuri wa kuchinja, alichinja. Tulikuwa watu mia mbili na zaidi kwa kondoo mmoja. Kila mmoja alipata kipande cha ukubwa wa kidole gumba.

Asiyekuwapo ni Samsoni. Jino lilikuwa limemvimbisha shavu hadi jicho limefumba.

Nilipopita kwake asubuhi kumpa karafuu za kubana kwenye jino, nilimkuta amelala chali, akaniuliza kwa shida, "Mama Selina, kondoo amenona?"

Nikamwambia sijui. Lakini neno hilo lilinifuata hadi kisimani. Nilimwona tena katika akili yangu akipewa bendera ya karatasi. Basi wazee walipokuwa wanagombania mifupa ya kuchoma, nilijaza supu katika kibuyu cha maziwa, nikakificha chini ya khanga, nikashuka nacho. Nilimwambia Samsoni ni supu ya kuku. Alikunywa bakuli, akajilamba midomo, akaomba la pili. Nikarudi kwangu. Nilikuwa nimewakosea mizimu na nimelikosea kanisa kwa kibuyu kimoja.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Ilinyesha kama imetukasirikia.

Tungenyamaza, na mambo yangeishia hapo. Lakini Ndugu Hamisi aliandika taarifa ya kazi kama anavyotakiwa, na nakala akaibandika kwenye ubao wa ofisi. Mchungaji wetu, aliyekuwa akija kwetu mara moja kwa mwezi kutoka usharika mkubwa, alipita ofisini kuomba maji ya kunywa, akasoma. Iliandikwa hivi: "Kazi: kuomba mvua kwa njia ya kondoo mweusi (1). Waliohudhuria: 211, majina chini. Wagonjwa: 1 (jino). Matokeo: mvua imepatikana."

Mchungaji alikuja kanisani na karatasi ile mkononi, uso umekauka.

"Mzee Hezekia, katika usharika huu ni nani aliyekula?"

"Mchungaji," Mzee Hezekia akasema, "itakuwa rahisi nikikutajia asiyekula."

Tukatengwa wote. Wenye kipaimara tulikuwa mia moja arobaini na watatu. Ukimtoa Samsoni, mia moja arobaini na wawili, pamoja na mwinjilisti, waimbaji, wazee wote na mpiga kengele. Kwetu aliyetengwa haketi ndani wakati wa ibada. Anasikiliza kutoka nje mpaka siku atakapotubu mbele ya usharika, na usharika ukinyoosha mikono kumpokea, anarudi kundini. Ndivyo tulivyofanya tangu zamani, kwa mlevi mmoja, kwa mzinzi mmoja. Hatukuwahi kufikiria itakuwaje ikiwa waliotengwa ndio usharika.

Mchungaji alihamia nyumba ya mwinjilisti kwa mwezi mzima ili atuangalie. Jumapili ya kwanza Samsoni aliingia kanisani peke yake. Alipiga kengele, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Aliketi benchi la mbele. Mchungaji alisema, "Bwana awe nanyi," na Samsoni peke yake akaitikia, "Awe na roho yako pia," kwa sauti nyembamba, shavu bado limevimba. Ulipofika wimbo, aliimba, na kila mtu anajua Samsoni hawezi kuimba. Ulipofika wakati wa sadaka, alisimama, akachukua kapu la sadaka, akajipelekea mwenyewe pale alipokuwa ameketi, akatoa, akalirudisha mezani, akaketi tena.

Sisi tulikuwa nje, tumejipanga madirishani, tukinyeshewa na mvua tuliyoiomba.

Mbaraka alipita na jembe begani akatukuta. "Mama Selina, mbona mmefungiwa nje ya nyumba yenu?"

"Ni kwa ajili ya kondoo wako."

"Wangu? Mimi nilishika kisu tu. Na sisi tulikula, mbona hatujafukuzwa?"

Akaenda zake shambani. Jumapili iliyofuata alituletea majani ya migomba ya kujifunika.

Niliwaendea wazee juu ya ndoa ya Selina. Matangazo yalikuwa yamesomwa mara mbili, bado moja. Lakini Selina alikula, na Ernest alikula na kulamba vidole, kwa hiyo wote wawili walitengwa, na aliyetengwa hafungishwi ndoa. Mzee Hezekia alikwenda kwa Mchungaji na shauri lake.

"Mchungaji, tuazime Wakatoliki wachache kutoka Rangwi. Waje siku moja tu, wanyooshe mikono, warudi kwao."

"Haiwezekani."

"Basi wewe mwenyewe tupokee."

"Mimi ni mtumishi wa usharika, Mzee. Si usharika."

"Basi usharika ni nani?"

Sisi tuliosubiri barazani tulimwona Mchungaji akiikunjua karatasi ya Katibu na kupitisha kidole kwenye majina hadi mwisho. Halafu akasema, "Usharika ni Samsoni."

Ikapangwa Jumapili ya mwisho kabla ya Ernest kuondoka. Samsoni atatupokea mmoja mmoja asubuhi, kisha tutashiriki Meza ya Bwana, tangazo la tatu lisomwe, kisha saa tisa Selina na Ernest watafungishwa ndoa. Mbuzi nilikuwa naye mmoja, na Mbaraka alikubali kuchinja ili majirani zetu Waislamu nao wale. Aliniambia, "Nijulishe mapema. Mbuzi mzee huyu asipoingia chunguni saa sita, mtamla kesho."

Wiki hiyo sikulala. Kila mtu alimwona Samsoni kama mtakatifu. Wanawake walimpelekea kuni. Mzee Hezekia, ambaye miaka yote alimwita "yule wa matenga", alimwamkia kwa Kisambaa, "Onga makeo, mghoshi," kama mzee wa heshima, kwa kuinama kidogo. Na mimi niliyejua supu ile ilitoka wapi, nilimtazama kupitia uwazi wa ua na kusema moyoni: nikisema, usharika unakwisha. Hakuna wa kutupokea, hakuna ndoa, Ernest anakwenda peke yake. Nisiposema, mtu anakaa mahali pasipo pake kwa ajili ya kibuyu changu. Mara mbili nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Mara mbili nikamwuliza habari za jino. Masista wa Rangwi walikuwa wameling'oa tayari.

Jumapili ikafika. Tulipanga mstari kutoka mlangoni hadi barabarani. Samsoni aliketi peke yake benchi la mbele, amevaa koti lililokuwa la arusi yake. Mchungaji alimwita Mzee Hezekia kwanza, naye Mzee akapiga magoti, akasema amekula nyama ya tambiko na anatubu.

"Usharika," Mchungaji akauliza, "je, mnampokea ndugu huyu?"

Samsoni hakunyoosha mkono. Alikohoa. "Alikula sehemu gani?"

"Samsoni, hilo halihusiki."

"Samahani, Mchungaji. Usharika unataka kujua."

Mzee Hezekia akainamisha kichwa. "Ini."

"Lilikuwaje?"

"Laini, mghoshi. Laini sana."

Samsoni akafumba macho kidogo, akanyoosha mkono.

Ikawa hivyo kwa kila mmoja. Mchungaji alijaribu kumzuia mara tatu akaacha. Wa pili alikula mbavu. Wa tatu alipata ngozi tu na alilia kwa uchungu kuliko wote, na sijui alilia kwa ajili ya dhambi au ngozi. Mwinjilisti alikula ini. Kiongozi wa waimbaji alikula ini. Walipofika watu saba walioungama ini, Samsoni alimgeukia Mchungaji.

"Mchungaji, kondoo ana maini mangapi?"

Ikabidi wanne warudi kupiga magoti na kutubu uongo.

Kufika wa sitini mkono wa Samsoni ulikuwa unatetemeka. Akanyoosha wa kushoto.

"Hapana!" Mzee Hezekia akaruka. "Mimi nimepokelewa kwa mkono wa kulia. Hawa watapokelewaje kwa wa kushoto? Utampa mgeni chakula kwa huo?"

Ukazuka ubishi. Mwisho Mchungaji aliamua kwamba wale waliokwisha kupokelewa wanaweza kumsaidia. Basi Mzee Hezekia akasimama kulia kwa Samsoni akaushika mkono wake juu, kama Haruni alivyoushika wa Musa vitani, akiushusha na kuupandisha kila jina lilipoitwa. Ndani pakaanza kujaa. Selina alipokelewa. Ernest alipokelewa baada ya kueleza alivyolamba vidole. Nilitazama mlango: Mbaraka alikuwa amesimama pale na kisu kwenye ala, akitazama jua.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilijiweka mwisho.

Nilipiga magoti. Nilikuwa nimekariri maneno, yakaondoka yote. Nikasema, "Nilikula." Nilisubiri aulize sehemu gani. Hakuuliza. Alinyoosha mkono wake mwenyewe, kabla Mzee Hezekia hajaushika, kabla Mchungaji hajauliza. Nikainua macho. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemwambia mtoto apite upesi kabla mlango haujafungwa.

"Pita, Mama Selina," akasema polepole. "Pita tu."

Hapo nikajua kwamba anajua.

Nilikwenda kuketi. Mchungaji alitayarisha Meza. Watu wakaenda mstari kwa mstari, wakapiga magoti, wakapokea, wakarudi. Baada ya mwezi wa kunyeshewa, wengine walilia. Zamu yangu ilikuwa bado haijafika. Samsoni hakwenda. Alibaki benchi la mbele, ameinamia mikono yake.

"Samsoni, njoo," Mchungaji akamwita.

Akatikisa kichwa. "Jino, Mchungaji."

"Si liling'olewa?"

"Ni lingine."

Mchungaji akainua kikombe akitaka kuendelea. Pale mlangoni Mbaraka akakohoa. "Samahani sana, Mchungaji. Saa sita inapita. Nichinje au nisichinje?"

Watu wakageuka wakinitazama mimi, kwa kuwa mbuzi ni wangu. Selina alikuwa na gauni lake jeupe katika mfuko mapajani, amelikumbatia. Ningetikisa kichwa tu kwamba achinje, ingekwisha. Lakini nilimwona Samsoni pale mbele, na Meza iko hatua nne kutoka kwake, na mimi ndiye niliyemweka mbali nayo.

Nikasimama. "Mchungaji, Samsoni alikula. Nilimpelekea supu ya kondoo yule kwenye kibuyu. Nilimdanganya ni kuku."

Mzee Hezekia akaruka mbali na Samsoni kana kwamba ameungua. "Basi hatukupokelewa!" akapaza sauti. "Alikuwa mmoja wetu! Tumepokewa na aliyetengwa! Tokeni nje, tokeni, tusiongeze dhambi!"

Na watu wakaanza kutoka. Nawaambia kweli, walisimama na kukimbilia mlango, mvua imeanza tena, wakakwama mlangoni wanene kwa wembamba, wazee wakisukumana wawahi kutengwa. Mwinjilisti alipitia dirishani. Selina akaanza kulia. Ernest alisimama na kofia mkononi, hajui atoke au abaki, akanitazama mimi kama nitamjibu.

"Kaeni!" Mchungaji akasema. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Mlioko dirishani, rudini. Kaeni!"

Wakakaa, wengine mapajani mwa wengine. Mchungaji akamgeukia Samsoni. "Ulijua?"

Samsoni akasimama. "Bakuli la kwanza sikujua, Mchungaji. Lilipopoa, mafuta yaliganda mdomoni. Mafuta ya kuku hayagandi hivyo. Na kuku wake wa mwisho Mama Selina alimwuza nikimwona. Bakuli la pili nililiomba nikijua."

"Na mwezi mzima hukusema?"

"Ningesema, wangerudi kwa nani?" Alikuwa anatazama sakafu. "Wote walikuwa nje wananyeshewa. Nikaona mmoja akibaki ndani, mlango hautafungwa. Nikasema nitawapitisha wote, halafu mimi nitabaki hivyo hivyo. Si kitu. Nimezoea kubaki."

Mchungaji aliketi kwenye ngazi ya madhabahu, na joho lake.

"Mlidhani ni mkono wa Samsoni uliowapokea?" akasema. "Ingekuwa ni mkono wake, au wangu, tungekuwa tumekwisha tangu zamani. Mimi nilikaa mwezi mzima nikimtafuta asiye na kosa katika karatasi ya Katibu, kana kwamba sijui kwamba ni Bwana peke yake."

Mzee Hezekia akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mkono wake tumeuchosha bure?"

Mtu akacheka. Kisha wengi wakacheka, hata Samsoni, akashika bega lake linalouma. Mchungaji akainuka.

"Samsoni, sema."

Samsoni akapiga magoti pale tulipopiga sisi. "Nilikunywa mabakuli mawili. Na ningelipata la tatu ningelinywa."

"Usharika, je, mnampokea ndugu huyu?"

Mikono ikapanda yote, watoto kwa wakubwa. Ndugu Hamisi, aliyekuwa dirishani akituangalia, naye alinyoosha mkono kwa mazoea ya mikutano, akahesabu haraka, akatangaza, "Wote wamekubali. Wasiokubali, hakuna." Mbaraka mlangoni alikuwa amenyoosha mkono wenye kisu. Mchungaji alimwangalia, akamwangalia Selina, akamwambia, "Chinja."

Samsoni alishiriki Meza ya Bwana wa mwisho siku ile, na mimi nilipiga magoti kando yake.

Ndoa ilifungwa saa kumi na nusu, si saa tisa, na nyama ilikuwa ngumu, watu walitafuna hadi jioni bila kulalamika. Jumatatu Selina na Ernest walipanda basi la Lushoto na sanduku moja. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni wakati wa ndoa yenyewe. Kanisa lilijaa hadi madirishani. Samsoni alikwenda benchi la mbele kwa mazoea ya mwezi ule, akaketi katikati akiwa ametandaza koti lake. Mzee Hezekia akaja na wazee wengine watano, hakuna nafasi kwingine.

"Sogea, mghoshi," akamwambia. "Benchi si lako peke yako."

Samsoni akakusanya koti lake, akasogea, wakambana pande zote mbili.